Mwaka wa Usukani Mzito

Nilipofika kwenye khitma ya Nassor sikujua nikae wapi. Chumba cha mbele kilijaa wanawake. Wa nyumbani walikuwa wameegemea ukuta wa ndani, majirani wamejibana karibu na mlango, na juzuu zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Mjane hakuwepo, kwa sababu Nassor hakuacha mjane. Alifia Maskati, akazikwa hukohuko, na huku Kilindoni kilichobaki kufanywa ni kumsomea. Mimi niliyewahi kuwa mkewe kwa muda usiotimia mwaka, nikaolewa tena Utende na kuzaa watoto wanne, nilisimama mlangoni nimeshika viatu kama mtu aliyekosea nyumba. Msichana aliyekuwa akigawa juzuu akanisogelea. "Shikamoo mama. Marehemu ni nani kwako, nikutafutie pa kukaa?" Nikaitikia marahaba, halafu nikakwama. Bi Salma, mama yake Nassor, ambaye siku hizi macho yake yanaona mwanga tu, aliitambua sauti yangu kutoka upande wa pili wa chumba. "Hawa huyo," akasema. "Mleteni hapa kwangu." Wanawake wakakunja miguu wakanipisha, nikaketi ubavuni pake. Nilifungua juzuu yangu na macho yakawa yanarudi kwenye mstari uleule. Nyuma ya ukuta tuliouegemea ndipo kilipo chumba nilichokaa mwaka ule, na kila nilipojaribu kusoma nilisikia watu wakizungumza ndani yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nassor alikuwa amerudi kutoka Maskati, alikokwenda kufanya kazi akiwa kijana mbichi, na watu wa mji walimkumbuka kama walivyomwacha: mpiga mbizi, mchezaji wa nyuma ambaye washambuliaji walimkwepa, mwenye mabega ya kubebea gunia la nazi kila upande. Posa ililetwa kwetu, nikakubali, tukaoana. Majuma machache baada ya harusi gari lake likafika. Lilishushwa kutoka jahazini juu ya mbao maji yakiwa yamekupwa, nusu ya Kilindoni imesimama ufukweni kutazama. Lilikuwa jeupe, dogo, la Kijapani, limelala chini kabisa, lina paa la turubai jeusi la kukunja na viti viwili tu. Bi Salma alilizunguka mara moja, mkono umeshika upindo wa kanga, akasema, "Mwanangu, gari zima hili, na mimi utaniweka wapi?"

"Kwa zamu, mama. Asubuhi wewe, jioni Hawa."

"Basi hutakuwa na kazi nyingine."

Watu wakacheka. Wakati huo kisiwa kizima hakikuwa na lami. Barabara ya kwenda Utende ilikuwa mchanga na vifusi vya matumbawe, na mvua ikinyesha hata trekta lilikuwa likifikiri mara mbili. Mzee Athumani, aliyekuwa akisimamia duka la familia, alilitazama gari kwa muda mrefu kisha akauliza kwa upole, "Gari la mbio hili, Nassor. Litakimbilia wapi?" Nassor alicheka kuliko wote. Alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu asahau alichouliza. Sasa, nikilikumbuka jambo lile, naona kwamba wakati watu wanashusha gari na masanduku, yeye alisimama pembeni, mikono ameifumbata kifuani, akitoa maelekezo. Siku ile niliona ni fahari ya mwenye mali.

Nyumba ile ilikuwa ya mawe, duka mbele, ua nyuma, na jiko upande wa kisima. Chumba chetu kilikuwa na dirisha lililofunguka juu ya baraza ya nje, hivyo wanaume wakikaa kuzungumza ni kama wamekaa kitandani kwangu. Nilijua bei ya korosho, nilijua nani ana kesi ya shamba na nani anataka kuoa mke wa pili, bila kutoka nje. Asubuhi ilikuwa ni chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, au vitumbua siku Bi Salma akiamka na furaha. Mchana wali, mchuzi wa samaki, na pweza wa nazi mara nyingi, maana Nassor alimpenda pweza na mama yake alimpika hadi akawa laini kama muhogo. Tulikula ukumbini, sinia moja sisi watatu, Bi Salma hakutaka habari za sahani sahani. Ndiyo maana niliona mapema. Nassor alikuwa akila taratibu, tonge dogo, akisogeza uso kwenye sinia badala ya kupandisha mkono. Gilasi ya maji aliishika kwa mikono miwili. Nilidhani ni adabu za Uarabuni.

Miezi ile ya mwanzo gari lilikuwa jepesi kama kitu cha kuchezea. Alilizungusha kwa kiganja kimoja, kimelazwa bapa juu ya usukani, na vijana wa stendi waliiga mkao wake wakiwa juu ya baiskeli. Tulikwenda hadi uwanja wa ndege kutazama abiria wakishuka, tukaenda Utende kununua samaki ambao tungeweza kuwapata Kilindoni, tukafungua turubai, vumbi likatugeuza nywele zikawa nyeupe. Nilikuwa na furaha ambayo nilikuwa naionea aibu kidogo. Nikipita Miburani na kuwaona wasichana niliosoma nao wakitoka shamba, nilikuwa najishusha kwenye kiti.

Siku moja, wakati wa kunywa kahawa, nikamsikia Nassor barazani akisema kwamba anataka kuitoa pawa, ile pampu inayoufanya usukani uwe mwepesi. Fundi Chande, aliyekuwa akitengeneza magari yote machache ya mji, akamuuliza kama inavuja. "Inavuja kidogo," Nassor akasema, "lakini hata isingevuja ningeitoa. Gari la mbio halitaki pampu. Unatakiwa uihisi barabara mkononi. Ukiwa na pawa ni kama unashikwa mkono na mtu mwingine." Wanaume wakaguna kwa kukubali, maana hakuna aliyewahi kuendesha gari la mbio. Mzee Athumani peke yake akasema, "Lakini mchanga huu wetu, Nassor." Nassor akauliza, mikono basi ni ya nini.

Kesho yake Fundi Chande akaja na kijisanduku chake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akifanya kazi huku akisimulia, na mara nyingi alisahau amefika wapi katika vyote viwili. Nilimpelekea chai na mihogo ya kuchemsha, nikakaa kwenye kizingiti cha ua kutazama. Alifungua mkanda uliokuwa ukiizungusha pampu, akaing'oa pampu yenyewe, mafuta mekundu yakatiririka kwenye sufuria mbovu na mengine yakanyonywa na mchanga. Mipira miwili iliyobaki akaiunganisha mmoja na mwenzake, akaifunga kwa vibano. "Kwa ubora wake ningelifungua boksi lote la usukani," alisema, "nikatoa na mipira ya ndani, lakini hapa Mafia tukishalifungua, sijui kama tutalifunga. Utakuwa mzito, bwana. Gari likishatembea utapungua kidogo. Taabu ni kugeuza likiwa limesimama." Nassor aliyasikiliza hayo yote kwa makini. Aliuliza, "Mzito kiasi gani? Mtu mwenye nguvu zake atapata taabu?" Fundi akasema mtu yeyote atapata taabu. Nassor akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitaka, akamwambia amalizie.

Alasiri ile ikawa kama sherehe. Kila kijana alitaka kujaribu. Mmoja baada ya mwingine wakaingia garini, wakang'ang'ania usukani, mishipa ya shingo ikawasimama, wakatoka wakipuliza viganja. Mchukuzi mmoja wa bandarini, mtu mwenye mikono kama mapaja, alifanikiwa kuuzungusha, akashuka akisema, "Hili si gari, hili ni adhabu." Nassor alikaa barazani akicheka mpaka machozi. Sijapata kumwona amefurahi namna ile, hata siku ya harusi yetu. Na usiku tulipokula, tonge lilipomwanguka kabla halijafika mdomoni, alisema kabla ya mtu kusema, "Gari limenimaliza mikono." Bi Salma akamchotea mwenyewe kipande cha pweza, akamwambia ni kiherehere chake.

Tangu hapo neno likawa hilo. Alishindwa kufunga vifungo vya kanzu, ni gari. Aliangusha bakuli la mchuzi juu ya mkeka, ni gari. Bi Salma alikuwa akimkalisha uani baada ya sala ya alasiri, akamkanda mabega kwa mafuta ya nazi aliyoyachemsha na karafuu, huku akililaani gari na Wajapani na fundi. "Liuze," alimwambia. "Liuze ununue pikipiki kama wenzako." Nassor alifumba macho akasema, "Nitalizoea, mama." Nami nilishika bakuli la mafuta, nikaona jinsi mifupa ya bega inavyojitokeza chini ya vidole vya mama yake, pale ambapo watu wote walisema pana nyama.

Yaliyobaki niliyapata kupitia dirisha. Nassor alikuwa amekwenda msikitini, mimi nilikuwa nakunja nguo, na Fundi Chande akaja barazani kumsubiri Mzee Athumani amalize kumpimia mteja sukari. Akaanza kusimulia, kama kawaida yake. Alisema amepata bahati, ile pampu ya Nassor ameifunga kwenye pikapu ya mtu wa Kirongwe na inafanya kazi kama mpya. Mzee Athumani akauliza, "Si ilikuwa inavuja?"

"Inavuja wapi, mzee? Mimi nimeifungua, nimeisafisha, nimeitazama. Nzima kabisa. Hata tone. Nikamwambia Nassor, bwana, pampu hii nzima, nikurudishie? Akasema itupe, na usinirudie tena na maneno hayo."

Mizani ya sukari ikagonga kaunta. Kisha Mzee Athumani akasema kwa sauti ya chini, "Basi usimrudie tena."

Nilikaa kitandani na kanzu ya Nassor mapajani. Sikufikiri sana. Ilikuja yenyewe, kipande kwa kipande: gilasi ya mikono miwili, kiganja bapa juu ya usukani, masanduku aliyoyaacha yabebwe na watu. Alikuwa ameufanya usukani uwe mzito ili kila mtu aushindwe. Mwenye nguvu atapata taabu, na asiye nazo atapata taabu, nani atawatofautisha? Ndiyo maana alicheka siku ile mpaka machozi. Kwa alasiri moja watu wote wa Kilindoni walikuwa kama yeye.

Nilimuuliza siku ya pili baada ya chakula cha mchana, mji ukiwa umelala, tumejifungia chumbani. Sikujua niseme vipi, nikasema tu, "Pampu ilikuwa nzima." Alikuwa amelala chali. Hakushtuka, hakuniuliza nimejuaje.

"Nani mwingine anajua?"

"Sijui. Una nini, Nassor?"

"Misuli. Inakufa kidogo kidogo. Walinipima kule, wakanionyesha na picha. Ilianza mabegani, itashuka."

"Dawa?"

"Hawana."

"Basi twende Dar es Salaam, wakutazame na wao."

"Wataona walichokiona wenzao." Akageuza uso kunielekea, shingo bado ilikuwa na nguvu siku zile. "Sikukwambia kabla ya ndoa. Nilitaka kukwambia, kila siku nikasema kesho. Ukitaka kwenda kwenu nenda, sitakulaumu."

"Nimekuuliza kuhusu kwenda kwetu?"

"La."

"Basi."

Akasema, "Usimwambie mama. Akijua ataanza kunitazama. Hivi sasa ananigombeza, Hawa. Unaona anavyonigombeza? Sitaki aache." Nikamwambia sitasema. Nililala kando yake nikitazama boriti za dari, nikitafuta jambo moja tu ambalo mtu angeweza kulifanya, na sikuliona. Nimelitafuta mara nyingi baadaye, hata nikiwa mama wa watu wazima, na mpaka leo sijalipata.

Ila kuendesha hakuacha, na mimi sikuweza kumwachia aende peke yake. Kiti chake kilikuwa kulia, changu kushoto, na gari lenyewe dogo kiasi kwamba mabega yetu yaligusana. Kwanza niliweka mkono wangu wa kulia juu ya usukani kona zikiwa kali, buibui imeufunika hadi vidoleni. Baadaye nikauweka kila kona. Baadaye nikauweka tu. Alikuwa akisema chini chini, "Kata. Kata tena. Rudisha," nami nikivuta, macho mbele, huku tukitabasamu kwa sababu watu wanatazama. Mkono ukaniota sugu, nikamwambia Bi Salma ni mchi. Na watu walitazama kweli. Wakaanza kutuita maharusi wasiochakaa. Vijana walipiga mbinja tukipita. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye umri wa kunizaa, alinikamata kisimani akaniambia, "Mwenzangu, wewe umempa nini yule? Wangu miaka yote hii hajanishika hata kidole mbele za watu. Wako hata usukani mnaushika pamoja." Nikacheka naye. Nilirudi jikoni nikaikalia mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna hadi kifuu kikaanza kutoka na weusi, Bi Salma akaniambia tui litaharibika.

Sitaki nionekane kama ninasema yote yalikuwa majonzi. Kuna asubuhi tulikwenda mpaka njia inapokatika, upande wa kuelekea Ras Kisimani, tukala maandazi ndani ya gari, akanieleza jinsi alivyokuwa akizamia chini ya miamba akiwa mdogo na kutoka na kamba wawili mikononi. Alipofika kwenye kuonyesha ukubwa wa wale kamba, mikono haikupanda. Akaitazama. Kisha akasema, "Pima wewe," nikapima hewani, akasema, "Zaidi. Zaidi. Hapo." Tukacheka kwa dhati. Lakini kurudi ilibidi kugeuza gari katika mchanga, na wala yeye wala mimi hatukuweza. Tulikaa pale mpaka wakapita watu waliokuwa wakitoka kuchoma chokaa, wakatuburutia matako ya gari hadi likaelekea mjini, wakisema jamani gari lenu hili. Nasi tukasema ndiyo, gari letu hili.

Mwisho wake ulikuwa kwenye kona ya karibu na Kiegeani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia imefanya vidimbwi, na mbele yetu alitokea mama mmoja amejitwika mzigo wa makuti, amechukua nusu nzima ya barabara. Nassor akasema, "Kata." Nikavuta. Nadhani gurudumu liliingia kwenye mfereji wa maji, kwa kuwa usukani uligoma kama umepigwa msumari. "Kata, Hawa, kata!" Nikaushika kwa mikono miwili, nikajikaza kwa miguu, naye mikono yake ilikuwa juu ya usukani pia lakini nilihisi haina kitu, imelala tu kama nguo. Yule mama akatupa makuti akarukia majanini. Gari likapita pale alipokuwa amesimama, likaingia shamba la mihogo, likavunja safu nzima na kuzima. Hakuumia mtu. Yule mama alisimama akatutukana vizuri sana, nikamshukuru Mungu kwa kila tusi.

Watu wakakusanyika. Wakasema tushuke walisukume. Mimi nikashuka. Nassor akabaki amekaa, kwa maana gari lile lilikuwa chini mno na siku zote nilikuwa nikizunguka upande wake kumpa mkono tukifika nyumbani, nikijifanya namtania. Hapa kulikuwa na mduara wa watu. "Bwana, shuka basi," mmoja akasema. Akajaribu. Niliona anajaribu. Viganja vyake vilikuwa juu ya kiti na viwiko vikajikunja vyenyewe, akarudi chini. Akajaribu tena. Watu wakatazamana, wakaelewa kitu kwa pamoja. Jasho likamtoka usoni likawa linamwingia machoni, akaniita, si kwa sauti kubwa, "Hawa, nifute." Nikachukua upindo wa mtandio wangu nikamfuta paji, macho, pua, mbele ya wote. Kisha wanaume wawili wakaingiza mikono kwapani kwake wakamtoa, taratibu, kama watu wanaomtoa mgonjwa. Yule mama wa makuti aliacha kututukana. Hilo ndilo lililonivunja moyo.

Nyumbani, baada ya kumlaza, nilimkuta Bi Salma jikoni. Hakuwa akipika. Alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya jiko lisilo na moto. Habari ilikuwa imefika kabla yetu.

"Ulijua," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilijua tangu siku aliyorudi kutoka Maskati. Nassor hakuwahi kumwachia mtu sanduku lake, tangu mtoto. Nikaona limebebwa na wachukuzi, nikasema haya."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningemwambia nani? Alikuwa akifurahi nikimgombeza." Akaokota kuni moja, akaitazama, akairudisha chini. "Nikaligombeza gari. Nikaona labda nikiligombeza sana litachukua lawama kweli."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika nyumba ile kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake kitu ambacho wote tulikuwa nacho mkononi. Mzee Athumani naye alijua. Aliyaelewa yote siku ile ya pampu, barazani. Kwa miezi tulikaa sinia moja, na kila mtu alikuwa akikunja uso kwa hasira za uongo juu ya kipande cha chuma kilichoegeshwa uani.

Tulifanya yanayofanywa. Alisomewa, alikunywa kombe la aya, alikandwa na mtu aliyeletwa kutoka Jibondo. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtazama mama yake kisha akanitazama mimi, akasema tumpeleke mbele. Mbele wapi, hakusema. Mwishowe kaka yake mkubwa, Khalfan, akaja kutoka Maskati kumchukua. Alikuwa mtu mwema, mchovu, mwenye kusema mambo moja kwa moja. Nilimsikia barazani akimweleza Mzee Athumani kwamba huko kuna watu wa kumhudumia, lakini mke hawezi kuja, karatasi za mke ni shughuli ndefu, na isitoshe madaktari wanasema ni mwaka, labda miwili. "Yule binti bado mdogo," alisema. Nikajua.

Nassor aliniambia mwenyewe. Alimwomba Khalfan amketishe kitandani, amvike kofia vizuri, kisha atoke. Khalfan na Mzee Athumani wakasimama ukumbini, mlango umeachwa wazi, ili wasikie.

"Hawa, nimekuacha talaka moja."

"Kwa kosa gani?"

"Huna kosa."

"Basi siichukui."

"Haichukuliwi, Hawa. Imeshatoka."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mwepesi. Sikujua kama alitaka kuuondoa akashindwa, au alitaka ubaki pale, na uso wake haukuniambia. Nikauachia mwenyewe. Ukaanguka pajani kwake na kulala ulivyoanguka, kiganja juu, na hakuna kati yetu aliyeugeuza.

Walipoondoka mimi nilikuwa nimeshaanza eda, kwenye chumba kilekile. Ndege ndogo ile ilipaa juu ya mapaa ya mji, ikatetemesha vikombe kabatini, ikaenda. Kwa sheria yetu alikuwa na haki ya kunirejea kabla eda haijaisha, kwa neno tu, hata kwa simu. Duka lilikuwa na simu. Ilikuwa ikilia mara mbili tatu kwa siku, watu wa nazi, watu wa mafuta ya taa, na kila ikilia nilisimamisha mchi hewani nikisubiri Mzee Athumani aniite. Bi Salma naye alikuwa akisimamisha mkono wake. Kisha tunasikia, "Ndiyo, ndiyo, gunia kumi," tunaendelea kutwanga. Eda ikaisha hivyo. Gari lilibaki uani, kuku wakataga kwenye kiti changu. Fundi Chande alikuja siku moja, hana maneno, akasema ataitafuta pampu nyingine airudishe bure. Bi Salma akamwambia aache lilivyo. Baadaye wakalinunua watu wa vyuma chakavu.

Tulidhani ni mwaka, labda miwili. Nikarudi kwetu, nikaposwa, nikaolewa na mtu wa Utende, mwendesha boti wa wageni, mtu mzuri ambaye sina la kumlalamikia. Nikazaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na Nassor hakufa. Mwaka ukapita, miwili ikapita, kumi, ishirini. Alikuwa amelala kitandani nyumbani kwa Khalfan, anaongea, anacheka, anageuzwa. Miaka yote ile nilikuwa na mikono miwili mizima na ningemlisha. Sikuweza kulisema hilo kwa mtu yeyote. Nilikuwa mke wa mtu. Lakini kila Idi niliwachukua wanangu nikaja nao Kilindoni kumpa mkono Bi Salma, naye alipokwisha kuwabusu na kuwapa peremende, alinivuta karibu akaniambia neno moja bila kuulizwa: "Yupo."

Nami nilisema, "Alhamdulillahi," tukaenda kula.

Khitma ilipokwisha, wanawake walianza kuondoka na vifurushi vya halua. Mimi nilikaa. Bi Salma alikuwa ameniwekea mkono juu ya goti tangu nilipofika na hakuutoa. Watu walipopungua aligeuza uso wake kwangu, macho yale yanayoona mwanga tu, midomo yake ikafunguka kama mtu anayetaka kusema jambo alilolizoea. Nikasubiri. Ikafumba, ikafunguka tena. Idi iko karibu, na sijui mimi na yeye tutaambiana nini.